Mbwa na Paka wa Nyumbani: Mazungumzo na Wanakisomo wa Urambo

 

Nimeombwa niseme juu ya wanyama wadogo tunaoishi nao nyumbani. Mzee mmoja aliposikia kuwa leo nazungumza habari za mbwa na paka, alicheka. Akaniuliza, "Bwana mifugo, kwani ng'ombe wamekwisha?" Hapana, mzee wangu, ng'ombe hawajakwisha. Lakini ng'ombe ana mtu anayemhesabu kila jioni. Asipokula siku moja, nyumba nzima inajua. Mbwa je? Mbwa anaweza kukaa siku tatu hali chakula na hakuna anayeuliza. Tena katika wanyama wote wa nyumbani, mbwa ndiye anayeweza kumwua mtoto wako kwa jeraha dogo kama la mwiba.

Hebu tufikiri kwanza kazi anayotufanyia. Mahindi yakikomaa, nani anafukuza ngedere na nguruwe pori? Ni mbwa. Usiku ule wa kukesha kwenye bani kuchochea moto wa tumbaku, nani anabaki kulinda nyumba? Ni mbwa. Na mahindi na karanga zikishaingia ghalani, nani anazilinda na panya? Ni paka. Hawa ni wafanyakazi wasiodai mshahara. Wanadai chakula, maji, na kutazamwa.

KICHAA CHA MBWA

Naanza na ugonjwa mkubwa kuliko yote. Unaletwa na kijidudu kidogo mno kiitwacho virusi. Hakionekani kwa macho. Kinakaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mbwa mgonjwa akikung'ata, mate yake yanaingia katika jeraha. Hata akikulamba penye kidonda, yameingia. Basi kijidudu hiki hakiendi na damu kama vile vya malaria. Kinashika njia ya mishipa ya fahamu, polepole, kwenda kwenye ubongo. Ni kama wapagazi wa zamani waliotoka Ujiji, wakapita huku kwetu, wakaenda Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu. Walikwenda polepole, lakini walifika.

Safari ya kijidudu hiki mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Wakati mwingine ni siku chache tu, na wakati mwingine hupita mwaka. Aliyeng'atwa usoni au kichwani safari yake ni fupi, maana ubongo uko karibu. Na watoto ndio wanaong'atwa huko, kwa sababu kimo chao kinalingana na mdomo wa mbwa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kijidudu kikiwa njiani, mtu hana dalili yoyote. Jeraha limepona, mtoto anacheza na wenzake. Huo ndio wakati wa kumwokoa. Kikishafika kwenye ubongo, mtoto anapata homa, anawashwa penye lile kovu, anashtuka upepo ukimpiga, na maji akiyaona koo linabana. Hapo hakuna dawa. Si Urambo tu, hata Muhimbili, hata Ulaya. Karibu kila anayefikia hapo anakufa katika siku chache. Na kwa kuwa jeraha lilipona miezi miwili iliyopita, hakuna anayemkumbuka yule mbwa. Watu wanasema mtoto amerogwa, na majirani wanaanza kutazamana vibaya. Kumbe aliyeleta msiba alikuwa mbwa asiyechanjwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Na karibu wote waliupata kwa mbwa. Paka pia anaweza kuupata na kuuambukiza, na mbweha, na fisi. Mnyama wa porini akiingia kijijini mchana bila woga, usimkaribie.

Utamjuaje mbwa mwenye kichaa? Watu wengi wanamngojea mbwa anayekimbia huku na huku, anang'ata mti, jiwe na jembe, udenda unamtoka. Huyo yupo kweli. Lakini yupo na mwingine, mpole, na huyo namwogopa zaidi. Mbwa huyu ananyamaza. Anajificha gizani chini ya ghala. Sauti yake inabadilika, taya linaning'inia, hawezi kumeza. Mwenye mbwa anamwonea huruma, anasema, "Amekwamwa na mfupa." Anaingiza mkono kinywani autoe. Ndugu zangu, msiingize mkono! Mbwa asiyeweza kufunga mdomo mwacheni, ondoeni watoto, niiteni.

MTU AKING'ATWA

Kazi ya kwanza si kumkimbiza mbwa. Kazi ya kwanza ni maji na sabuni. Osha jeraha kwa maji mengi yanayomiminika, na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Kama huna saa, paka sabuni, mimina maji, paka tena, mimina tena, mpaka uone umezidisha. Sabuni ya kufulia inafaa. Kwa nini sabuni? Kijidudu hiki kimevaa koti la mafuta, na sabuni inaliyeyusha koti lile, kama inavyotoa mafuta kwenye sufuria. Mama yeyote mwenye kipande cha sabuni na ndoo ya maji ameanza matibabu kabla ya daktari.

Usipake pilipili. Usipake tumbaku, wala mafuta ya taa, wala majivu, wala manyoya ya yule mbwa yaliyochomwa. Hayo yanachubua jeraha na kuchelewesha kuosha.

Kisha nenda hospitali siku ile ile. Zahanati nyingi hazina chanjo hii, maana ni ghali na inataka jokofu. Watakuelekeza hospitali ya wilaya. Najua nauli ni taabu, hasa mwezi ambao tumbaku haijalipwa. Afadhali ukope. Kuku wawili wanaweza kuuzwa leo, na mwakani wakapatikana wengine. Sindano hazitolewi zote siku moja. Utaandikiwa kadi yenye tarehe za kurudi. Sasa mnajua kusoma: someni kadi, rudini kila tarehe iliyoandikwa. Mtoto aking'aa macho na kucheza, usiseme amepona, tukomee hapo.

Wapo wanaoogopa kwa sababu walisikia habari za sindano nyingi za tumboni. Ni kweli, zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi chanjo hupigwa mkononi, na mtoto mdogo pajani, na idadi yake ni ndogo. Chanjo hii ina historia ndefu. Julai 1885, huko Paris, mtaalamu Mfaransa Louis Pasteur aliletewa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mara nyingi. Pasteur hakuwa daktari wa watu, na chanjo yake hakuwa na hakika nayo. Lakini mama wa mtoto alikuwa amekuja kutoka mbali, na bila chanjo mtoto angeweza kufa. Wakamchanja. Mtoto akaishi, akawa mtu mzima.

Sasa nije kwa waganga wetu. Sisemi mganga ni mtu mbaya. Lakini tutumie akili. Si kila mbwa anayeng'ata ana kichaa. Mbwa mwingine alikanyagwa mkia tu. Basi watu 10 waking'atwa na mbwa wazima, wote wakaenda kwa mganga, wote 10 watapona, na sifa zitakwenda kwa mganga. Siku atakapokuja aliyeng'atwa na mbwa mgonjwa, zile sifa zitamwua.

Na yule mbwa aliyeng'ata je? Kama anakamatika bila hatari, mfungeni mahali imara, apewe maji na chakula, atazamwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku 10, hakuwa na kichaa katika mate siku aliyong'ata, na daktari ataamua kama sindano zilizobaki ziendelee. Lakini msingoje hizo siku 10 ndipo mwende hospitali. Kwenda ni leo, kutazama mbwa ni huku nyuma. Kama mbwa ameuawa au amekufa, msimguse kwa mikono mitupu, wala msimtupe porini fisi akamla. Nileteeni habari, maana kichwa chake kinaweza kupimwa. Ng'ombe au mbuzi aliyeng'atwa akaugua, nyama yake haililiwi na maziwa yake hayanywewi.

CHANJO NA KAMBA

Dawa ya haya yote ni kumchanja mbwa. Mbwa akichanjwa kila mwaka, hapati kichaa, na asiyekuwa nacho hakuambukizi. Wataalamu wameona kuwa mbwa 7 katika kila 10 wa kijiji wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia. Haya yameonekana hapa hapa Tanzania. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti mbwa walichanjwa kwa miaka mingi, na watu walioumwa na mbwa wenye kichaa wakapungua sana. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo zilianza mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa kilitoweka. Wakalegea. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja upya, kikaondoka. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliingiliwa, sembuse sisi tuliokaa njiani, watu wanakuja na kwenda, na mbwa wao nyuma yao?

Nikitangaza siku ya chanjo, nasikia maneno. Wa kwanza anasema, "Mbwa akichanjwa analegea, hafukuzi tena ngedere." Si kweli. Anaweza kupooza kidogo siku ile kwa uchungu wa sindano, kesho yake yuko kazini. Wa pili anasema, "Tuwaue mbwa wote, tumalize." Hilo limejaribiwa sehemu nyingi na halikufaa. Ukiua mbwa waliochanjwa, kesho watu wanatafuta mbwa wengine wa kulinda mashamba, na hao wapya hawana chanjo. Umebomoa ukuta uliojenga mwenyewe.

Wa tatu husema ukweli mtupu. Anasema, "Mbwa wangu ni mkali, hakamatiki." Hili ndilo jambo linalotushinda kuliko fedha. Mbwa hajawahi kushikwa tangu azaliwe, isipokuwa kwa fimbo. Siku ya chanjo watu wazima wanne wanamkimbiza, wanachoka, wanarudi mikono mitupu. Mzoesheni mbwa kamba tangu mdogo. Mfunge kamba laini dakika chache kila siku wakati wa kula. Mshike masikio, mfungue mdomo, mguse miguu. Watoto wanaipenda kazi hii. Baada ya mwezi mmoja mbwa huyo anatembea na mtoto kama mbuzi. Na ukimshika kila siku utaona kupe, utaona kidonda, utajua kuwa amekonda.

Tena njooni siku yenyewe, si kesho yake. Chanjo inakuja katika sanduku la barafu, na chupa moja ni ya mbwa wengi. Ikifunguliwa haiwezi kurudi kukaa wiki. Ndiyo maana siwezi kumfuata mbwa mmoja mmoja nyumbani.

MACHO KAMA MAZIWA

Huu ni ugonjwa wetu sisi wa mapori ya miombo, na ndugu zetu wa mijini hawaujui sana. Mbwa amekwenda porini na bwana wake. (Alikwenda kufanya nini, mimi sikuuliza.) Baada ya wiki chache anakonda. Fizi zake ni nyeupe. Uso au miguu imevimba. Kisha macho yanafanya ukungu, rangi ya maziwa yenye bluu kidogo, mpaka haoni. Watu husema nyoka amemtemea mate. Mara nyingi si nyoka. Ni ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o.

Ndorobo mnaijua kwa ng'ombe. Lakini mbwa naye inamwua, tena kwa haraka kuliko ng'ombe. Dawa ipo, ikiwahi. Bwana mifugo atampima damu na kumchoma sindano. Akishapofuka na kuishiwa nguvu, mara nyingi tumechelewa.

Kwa nini naisimamia habari hii? Kwa sababu mbung'o huyo huyo anaweza kuleta malale kwa watu. Wazee wetu waliyaona. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa sehemu hizi za magharibi, ikawakusanya pamoja kwa ajili ya malale. Leo wagonjwa ni wachache mno kuliko zamani, lakini mbung'o bado wapo katika mapori yetu na upande wa Ugalla. Mbwa hakuambukizi malale kwa kukulamba. Lakini mbwa akipofuka macho hivyo, anakwambia: pale nilipopita na bwana wangu, mbung'o wana vijidudu. Basi kama wewe ni mrina asali, au umekaa kambini porini, kisha ukapata homa isiyosikia dawa ya malaria, kichwa kinauma, usingizi unakushika mchana na usiku huupati, nenda hospitali useme wazi: "Nilikuwa porini, niliumwa na mbung'o." Maneno hayo yanamsaidia daktari ajue apime nini. Usiogope kuulizwa ulikuwa unafanya nini huko. Daktari si askari wa wanyamapori.

KUPE, VIROBOTO NA MINYOO

Haya nitayapita upesi. Kupe wananyonya damu na kuleta homa. Mtazame mbwa ndani ya masikio na katikati ya vidole. Kupe mmoja mmoja mshike karibu na ngozi, mvute taratibu, mtupe motoni. Wakiwa wengi, nunua dawa ya kuogesha katika duka la dawa za mifugo, na uulize kipimo cha mbwa. Kipimo cha ng'ombe si cha mbwa. Na hapa nasema kwa sauti kubwa: dawa ya kunyunyizia tumbaku au pamba haiogeshi mbwa! Mbwa hujilamba. Atatetemeka, atatoka povu, atakufa, na mtoto aliyemshika naye atadhurika. Oili chafu ya gari usimpake mbwa mwenye upele. Nayo ni sumu. Upele una dawa yake.

Watoto wa mbwa na wa paka hupata minyoo mapema sana, kwa mama yao. Ukiona tumbo kubwa na mgongo mwembamba, usifurahi kuwa wameshiba. Wapewe dawa ya minyoo wakiwa wadogo, irudiwe kama bwana mifugo atakavyosema. Minyoo mingine ya mbwa inaingia kwa watoto wetu, basi mavi ya mbwa yazikwe, na mikono ioshwe kabla ya kula. Mkichinja mbuzi na kuona malengelenge ya maji katika mapafu au ini, msimtupie mbwa. Yachomeni au yafukieni kwa kina.

PAKA

Paka anadhulumiwa sana. Watu wanasema, "Msimpe chakula, akishiba hatakamata panya." Paka mwenye njaa ana nguvu gani ya kukesha? Mpeni chakula kidogo na maji. Lakini paka si mla ugali. Mwili wake unataka nyama au samaki. Ugali mtupu wa muda mrefu unaweza hata kumharibu macho. Vichwa vya dagaa wa Kigoma mnavyovitupa ndivyo chakula chake.

Adui mkubwa wa paka ni sumu ya panya. Ukiweka sumu ghalani, panya anaila, analegea, paka anamkamata kwa urahisi, na yeye anakufa. Mwezi unaofuata panya wamerudi na paka hayupo. Chagua kimoja: sumu au paka. Mimi ningemchagua paka, maana sumu haizai. Na dawa ya viroboto au kupe ya mbwa usimpake paka. Ipo dawa ambayo mbwa anaivumilia na paka inamwua.

Mama mmoja ameniuliza hapo nje, kabla hatujaanza, kama mbwa mwenye mimba achanjwe kichaa. Ndiyo, mama, achanjwe. Na anayenyonyesha? Naye achanjwe. Na watoto wake, ambao hawajaweza kutembea mpaka hapa shuleni? Watieni katika kikapu, mwaleteni pamoja na mama yao, na paka naye mwekeni katika gunia lenye matundu ya hewa, tutamchanja.